Kampuni ikifilisika, nani hulipwa kwanza?

Mkazi wa Bombolulu aliyepoteza kazi mwajiri wake akifilisika hungojea mshahara wake bila kujua kwamba kuna foleni mbele yake. Sheria ya Ufilisi ya 2015 hutanguliza gharama za mfilisi. Mfanyakazi hufuata, tena kwa malimbikizi ya miezi minne yasiyozidi Sh200,000.

Utata huzidi benki inapokuwa imekwisha kumteua meneja mrasimu. Huyu huuza mali kwa niaba ya benki na kujilipa humo humo. Mfilisi ajapo, huenda akakuta ghala tupu. Mumias Sugar iliwekewa meneja mrasimu, Ramana Rao, na benki ya KCB Septemba 2019. Aprili 2022 Mahakama Kuu ikamwondoa na kumteua Kereto Marima. Kila mtaalamu ana ankara yake, na mawakili wao pia.

Uingereza nayo iligawanyika. Mwaka 2004, katika kesi ya Leyland DAF, mahakama ya juu iliamua kwamba mfilisi asilipwe kutokana na bidhaa na mali nyingine inayobadilika iliyowekwa dhamana kwa benki. Bunge likaugeuza uamuzi huo, likianzia Aprili 2008, lakini gharama za kesi zikahitaji idhini ya mdai huyo au ya mahakama. Kizuizi kama hicho kingefaa Kenya, mradi mfanyakazi naye aulizwe.