Mwanafunzi wa Zamani si Mgeni

Katika shule nyingi za sekondari nchini Kenya kuna siku moja ya mwaka ingojewayo kwa hamu kuliko sikukuu. Wengine huiita siku ya wazazi, wengine siku ya kutoa zawadi, na shule zenye umri mkubwa huwaalika wanafunzi wao wa zamani warudi kuonana. Majani hufyekwa, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, hema hukodiwa na vipaza sauti hufungwa. Nyimbo huimbwa, mbuzi huchinjwa, hotuba hutolewa, na jioni magari huondoka yakiacha vumbi nyuma yake. Ndipo watu husema kwamba moyo wa shule umeonekana. Mimi nasema kwamba haujaonekana bado.

Sina ugomvi na furaha. Mcheza kwao hutunzwa, na ni haki kijana aliyekimbia vizuri apigiwe makofi. Ugomvi wangu ni na desturi ya kumfanya mwanafunzi wa zamani kuwa mgeni wa heshima katika shule yake mwenyewe. Yeye huketi hemani penye kivuli akinywa soda, na mwanafunzi wa leo husimama juani akishika sinia. Wote wawili hujifunza jambo. Wa kwanza hujifunza kwamba kuelimika ni kuhudumiwa. Wa pili hujifunza kwamba shule ni mali ya wakubwa walioketi hemani. Na yule aliyeshindwa mtihani, asiye na gari wala koti, hakuja kabisa, kwa kuwa aliona haya. Je, yeye hakuwa mwanafunzi?

Kuwaita wahitimu warudi si desturi yetu peke yetu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Missouri hujivunia sherehe yake ya mwaka 1911, ingawa vyuo vingine hudai kuwa vilitangulia. Mwaka huo mchezo wa mpira dhidi ya Kansas uliletwa chuoni, katika mji wa Columbia, na mwalimu wa michezo, Chester Brewer, akawaita wahitimu warudi nyumbani kuutazama. Maelfu walikuja. Mchezo ulikwisha sare, tatu kwa tatu, lakini sherehe ikadumu. Hawakupata ushindi wa kuwarudisha tena. Walikuwa na neno lile tu, nyumbani.

Basi na tulipime neno hilo. Arudiye nyumbani hufanya nini? Akikuta ua umeanguka, huusimamisha. Akikuta mtungi ni mtupu, huulizia maji. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba hangoji siku ya tatu, wala hangoji kupewa jembe.

Sisi wa Kabati hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ukambani tuna mwethya, yaani majirani kukusanyika wafanye kazi ya mmoja wao au ya wote: kulima, kujenga, kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mwito wa Harambee ulipoenea, desturi za namna hii ndizo zilizojenga shule. Wazee ambao wengi wao hawakujua kusoma walifyatua matofali, na akina mama wakabeba mchanga na maji. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa na serikali. Moyo wa shule ulikuwapo kabla ya shule yenyewe.

Wako watakaonijibu kwamba wageni wa hemani huleta michango. Ni kweli, lakini ahadi ni deni, na ahadi iliyotolewa kwa kipaza sauti mara nyingi hutulia pamoja na vumbi. Wengine watasema sherehe ni kupoteza wakati, afadhali zifutwe. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilizuia sherehe za zawadi, siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, ili kukomesha wizi wa mitihani. Agizo lilikuwa na sababu yake. Lakini mwaka huo huo shule zaidi ya 100 zilipatwa na moto, na wanafunzi wengi walishtakiwa. Wala sisi wa Ukambani hatujasahau Machi 2001, wavulana 67 walipokufa bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Sababu za misiba hiyo ni nyingi, na sherehe haiwezi kuziponya zote. Hata hivyo, ni vigumu mtu kuichoma nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Kwa hiyo siku ya kurudi na iwe mwethya. Asubuhi, kabla ya hotuba, wahitimu na wanafunzi washike kazi moja: kuchimba mashimo ya miti, kukaza madawati yaliyolegea, kufunga mifereji ya paa ili mvua ya Novemba iingie tangini. Katika nchi kavu kama Kitui, tangi lililojaa ni hotuba tosha. Daktari na kibarua washike sururu pamoja, na hapo hapana atakayeuliza nani alipata alama ngapi. Jioni waimbe na wale nyama, maana watakuwa wameistahili.

Nanyi wanafunzi msomao kurasa hizi, mtakuwa wanafunzi wa zamani upesi kuliko mnavyodhani. Siku mtakapoitwa, msiulize kiti chenu kiko wapi. Ulizeni kazi iko wapi.