Foda ya Saiba Ikigoma, Usiondoe Kufuli

Ukienda saiba Kawangware 46 au karibu na Olympic pale Kibera kutoa kopi ya kitambulisho, mara nyingi skani yako haiishii kwa karatasi. Inabaki kwenye foda moja ambayo kompyuta zote za duka zinaifungua. Humo utapata cheti cha KRA PIN cha jirani, stetimenti ya mama mboga, na sivii ya kijana anayetafuta kazi.

Foda nyingi za aina hiyo zilikuwa wazi. Unabonyeza, unaingia, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Kisha mwaka wa 2024 ikaja Windows 11 Pro toleo la 24H2, ambayo haikubali mtu aingie foda ya mtandao kama mgeni bila nywila. Saiba ikisasisha kompyuta, foda inagoma, foleni inakua, fundi anaitwa. Fundi wa haraka hurudisha ile ruhusa ya mgeni, analipwa, anaenda.

Sisi tunaona hapo hajarekebisha kitu. Ameng'oa kufuli kwa sababu ufunguo umepotea. Kompyuta hizi sasa hutia sahihi kila ujumbe unaopita kati yao ili mtu asiubadilishe njiani, na sahihi hiyo hutokana na nywila. Mgeni hana nywila, kwa hivyo hana sahihi.

Dawa ipo na haihitaji mashine mpya. Kompyuta ya kaunta ipewe akaunti yenye nywila, na skani za wateja zikae kwa foda inayofunguliwa na akaunti hiyo pekee. Kompyuta za wateja zipewe akaunti nyingine, na foda yao ya printi.

Kampuni ya malipo inatafuta nini kwa mambo ya saiba? Jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ni kati ya mambo anayoulizwa mtu akitaka kubadilishiwa laini. Mwizi akiyapata, anaweza kujifanya wewe. Mitambo yetu tunailinda, lakini foda ya saiba hatuifikii.

Kwa hivyo, mteja wetu, ukimaliza mwambie mhudumu kwa upole: "Nifutie hiyo skani nikiona." Nawe mwenye saiba, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu pia. Kitambulisho cha mtu ni amana. Kitunze kama pesa za droo.