Kuanguka Bila ya Kuvunjika: Mafunzo ya Mieleka ya Kijapani kwa Wanaoachana



Kila aliyeketi chuoni amefundishwa kwamba bingwa mbele ya Mtume (S.A.W.) si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni yule amilikaye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Mafunzo haya twayahifadhi na twawahifadhisha watoto wetu, lakini talaka inapoingia nyumbani twayasahau. Mume hutaka kumwangusha mke, na mke hutaka kumwangusha mume, na katikati yao yuko mtoto ambaye hakuoa wala hakuolewa, naye ndiye akanyagwaye na wote wawili.

Mwezi huu twapenda kuwatazama watu wa mbali, Wajapani, ambao walifanya mieleka na upanga kuwa elimu yenye kanuni na adabu zake. Hikima haina kabila, na mtu mwenye akili huiokota aionapo.

Katika mwaka 1882, katika hekalu moja mjini Tokyo, kijana aitwaye Kano Jigoro alifungua chuo cha mieleka mwenye umri wa miaka 21. Chumba chake kilienea mikeka 12, na wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza walikuwa 9 tu. Mwenyewe alikuwa mtu wa umbo dogo, na utotoni wakubwa walimwonea. Mieleka yake akaiita judo, maana yake njia ya upole. Baadaye alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha kufundishia walimu, na mwaka 1964 mieleka hiyo iliingizwa katika michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo.

Sasa, mwanafunzi wa judo hufundishwa nini kwanza? Mtu atadhani hufundishwa kumwangusha mwenziwe. Sivyo. Kwanza hufundishwa kuanguka. Hufundishwa kukunja kidevu ili kisogo kisigonge chini, na kuupiga mkeka kwa mkono ili uzito wa mwili utawanyike. Huanguka mara nyingi mno kabla ya kuruhusiwa kupambana, kwa sababu katika mieleka kuanguka hakuna budi, na asiyejua kuanguka huvunjika.

Hapa pana somo kubwa kwa mwenye kuachana. Talaka ni mwanguko. Aliyeachwa huona aibu mbele ya majirani, na aliyeacha huona nyumba yake imekuwa tupu. Wasiojua kuanguka hunyoosha mkono ili wamshike mwenziwe waanguke pamoja: huyu hutoa siri za chumbani, huyu huficha vyombo, huyu huapa kwamba mtoto hatauona uso wa baba yake. Ajuaye kuanguka hukunja kidevu, yaani huuzuia ulimi wake. Na uzito wa msiba huutawanya kwa sala, kwa kazi, na kwa kuwashauri wazee wenye siri, kisha huinuka mzima. Dini yetu imemwekea mwanamke eda, na ikakataza atolewe nyumbani katika muda ule bila ya sababu ya kisheria. Muda huo umewekwa kwa hikima, na katika hikima yake ni kwamba hasira hupoa na nafsi hupata kufikiri.

Somo la pili ni la upanga. Samurai, yaani askari wa Kijapani wa zamani, alivaa panga mbili kiunoni, lakini kulikuwa na mahali ambapo kuufuta upanga alani kulikuwa kosa la kufa. Mwaka 1701, katika ngome ya mtawala mjini Edo, ambao leo ndio Tokyo, bwana mmoja aitwaye Asano alishikwa na ghadhabu akaufuta upanga wake juu ya ofisa wa sherehe za ngome aitwaye Kira. Alimjeruhi tu, hakumwua. Siku ile ile Asano akaamrishwa kujiua, jambo ambalo kwetu ni haramu. Mali na ngome yake vikatwaliwa, na watumishi wake wakatawanyika hawana bwana. Kisha 47 katika hao wakalipiza kisasi wakamwua Kira, na mwaka 1703 watu 46 wakahukumiwa kufa kama alivyokufa bwana wao. Tazameni, basi, upanga uliofutwa kwa dakika moja ulivyoiteketeza nyumba nzima. Wazee wetu wamelisema jambo hili kwa maneno mawili: hasira, hasara.

Neno la talaka ni upanga ulio alani. Mwanamume aliyepewa upanga huo hakupewa ili autikise kila chakula kichelewapo. Na mke naye ana upanga wake, nao ni maneno ambayo mume akiyasikia hatayasahau mpaka kufa. Qur'ani imetuamrisha kwamba pakihofiwa mfarakano apelekwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke, nao watake suluhu. Hao ndio wa kuitwa kabla upanga haujatoka, na si baada ya damu kumwagika.

Somo la tatu ndilo kubwa, nalo ni la mtoto. Katika miaka ya 1717 hadi 1736 mji wa Edo ulikuwa na hakimu aitwaye Ooka Tadasuke, naye alikuwa samurai. Wajapani wamemtungia visa vingi vya hukumu, na kimoja katika hivyo ni hiki. Wanawake wawili walimjia wakigombania mtoto, kila mmoja akidai kuwa ndiye mamake. Hakimu akaamrisha mtoto awekwe katikati, huyu ashike mkono mmoja na huyu mkono wa pili, wavute, na atakayemvuta ndiye atakayempata. Wakavuta. Mtoto akalia kwa maumivu, na mmoja katika wale wanawake akamwachia. Yule wa pili akafurahi, akidhani ameshinda. Hakimu akasema kwamba mama wa kweli ni yule aliyeachia, kwani hakustahimili kilio cha mwanawe. Wasomaji watakumbuka hukumu ya Nabii Sulaiman (A.S.) iliyo mfano wa hii.

Sisi tufundishao watoto twawajua wanaovutwa mikono. Mtoto alikuwa akisoma vizuri, mara amehamishwa kwa baba, mara amerudishwa kwa mama, na kila arudipo amesahau alichokuwa amehifadhi. Aulizwapo habari za nyumbani huinamisha kichwa. Huyo keshajifunza kwamba kwa baba hasemi alivyopendwa kwa mama, na kwa mama hasemi alivyochekeshwa na baba. Mtoto wa miaka minane amefanywa mjumbe wa vita!

Lakini msitufahamu vibaya. Kuachia mkono si kumtupa mtoto. Yuko baba asemaye, "Nimemwachia mamake," kisha hapeleki chakula, wala nguo, wala ada ya skuli. Huyo hakuachia kwa huruma, bali amekimbia. Katika madhehebu ya Shafi mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumlea mtoto mdogo, kwa masharti waliyoyataja maulamaa. Na mtoto afikapo umri wa kupambanua huchaguzwa baina ya wazazi wake. Lakini matumizi yake yote hayo ni juu ya baba, awe kwake au asiwe kwake. Kadhalika mama aliyepewa malezi hakupewa ngome ya kumfungia mtoto asimwone baba yake.

Wala hatusemi kwamba Wajapani walikuwa malaika. Zama za samurai mke hakuwa na haki ya kutoa hati ya talaka. Mume ndiye aliyeiandika, na mke aliyedhulumiwa aliweza kukimbilia hekalu la Tokeiji mjini Kamakura, akae humo miaka kadha mpaka apate kuachwa. Hata katika zama zetu, sheria yao ilimpa malezi mzazi mmoja tu baada ya talaka, na watoto wengi wakapotewa na mzazi wa pili, mpaka mwaka 2024 Bunge lao lilipopitisha sheria ya kuruhusu wazazi wote wawili washirikiane. Hikima ikiwa vitabuni haimfai kitu asiyeitumia.

Ila jambo moja katika hati zile lafaa kuigwa. Watu waliziita mistari mitatu na nusu, kwa ufupi wake. Kwa desturi hazikuhesabu aibu za mke. Zilisema tu kwamba wameachana, na kwamba yuko huru kuolewa na amtakaye. Laiti na sisi tungeachana kwa ufupi kama huo, bila ya mashangazi na wajomba kuongeza kurasa!

Katika judo mtu akizidiwa huupiga mkeka kwa mkono, na hapo hapo mwenziwe hana budi kumwachia. Ayaona ya kutosha. Kisha husimama wote wawili, wakainamiana kwa heshima, wakatoka. Kwetu sisi heshima hiyo ina jina lake katika Qur'ani, pale tulipoamrishwa tusisahau fadhila baina yetu. Basi enyi mlioachana, peaneni salamu mlangoni mnapopokezana mtoto. Asiyewakuta watoto wake kwa ahadi na awaombe radhi. Asimtukane mmoja wenu mwenziwe mbele ya mwana, kwani mwana ni nusu yake huyo anayetukanwa. Nanyi vijana ambao hamjaoa wala kuolewa, jifunzeni kuanguka mapema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie mapenzi nyumba zetu, na zile zilizovunjika azitie upole. Amin.