Mbwa hahitaji programu, anahitaji kalenda

Leo tuziweke seva kando kidogo. Hapa Kitale watu wanaohama wamezidi: huyu kapata kazi ya uuguzi Uingereza, yule anamfuata mumewe Ujerumani, na wamishenari nao wanamaliza muda wao. Nyumba nyingi kati ya hizo zina mbwa. Kwa kuwa mimi ndiye "yule kijana wa kompyuta", naletewa swali lile lile: huwezi kututengenezea programu ya simu ya kusafirisha mbwa?

Naweza. Lakini sitaki, kwa sababu haitamsaidia mtu.

Kumhamisha mbwa ni kazi ya mpangilio. Kila hatua inategemea iliyotangulia, na ukiruka moja unarudishwa nyuma. Chukua Umoja wa Ulaya. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha damu, basi utaratibu ni huu:

1. Chipu ya kumtambulisha mbwa, yenye nambari ya tarakimu 15.
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa, akiwa ametimiza wiki 12. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi.
3. Damu, itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Kingamwili zifike angalau 0.5 IU kwa mililita.
4. Kungoja miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa.
5. Cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, kisichozidi siku 10 unapowasili.

Sasa piga hesabu. Ukimtia chipu na kumchanja Januari 5, damu ni Februari 4, na kusafiri ni Mei 5 hivi. Miezi minne! Mwenye tiketi ya Machi hata awe na pesa kiasi gani, mbwa hataingia naye. Tena chanjo ikipitwa na muda kabla ya kurudiwa, unaanza upya.

Uingereza nayo inadai kipimo cha damu na miezi 3, kisha inaongeza dawa ya minyoo tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, na kwa ndege mbwa huingia kama mzigo, si kwenye kiti chako. Marekani ilibadilisha kanuni zake Agosti 1, 2024: mbwa awe na miezi 6 au zaidi na chipu, na anayetoka nchi yenye hatari kubwa ya kichaa, Kenya ikiwemo, na aliyechanjwa huku, awe na kipimo cha damu au akae karantini siku 28. Angalia na aina ya mbwa pia. Ujerumani hairuhusu pit bull kuingia, na Uingereza imeongeza XL Bully kwenye orodha yake.

Mnaona? Hakuna cha programu hapo. Andika tarehe ya safari kwenye kalenda ya ukutani, kisha hesabu kurudi nyuma.

Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo mtu wa kompyuta anaweza kukuonya. La kwanza ni tarehe. 03/04 kwetu ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4. Mwombe daktari aandike mwezi kwa herufi. La pili ni ile nambari ya chipu. Mashine inapoisoma chipu, mawimbi yake hubeba msimbo wa kugundua makosa. Nambari ikishanakiliwa kwa kalamu, ulinzi huo haupo. Tarakimu moja ikigeuzwa kwenye cheti kimoja, kwa afisa wa uwanjani huyo ni mbwa mwingine. Linganisha karatasi zote, tarakimu kwa tarakimu. (Na kwa wanaouliza: chipu si GPS. Haina betri wala haijui mbwa yuko wapi.)

Kizimba nacho kisisubiri wiki ya mwisho. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala humo. Mlishe ndani yake kwa wiki kadhaa, maana kutoka Kitale hadi Nairobi tu ni karibu kilomita 380 kabla hajaiona ndege. Dawa za usingizi usimpe kwa ushauri wa jirani. Hewani zinaweza kumdhuru.

Lakini hoja yangu hasa ni hii. Tunailaani ile miezi 3 kama ukorofi wa wazungu. Tujiulize inatoka wapi. Inatoka kwa mbwa wasiochanjwa wanaozurura sokoni na kwenye majaa yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, na karibu asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dawa yake inajulikana: chanja asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa hukosa njia. Kenya ilizindua mkakati wake mwaka 2014, lengo likiwa kuutokomeza kwa binadamu ifikapo 2030. Hiyo 2030 iko mlangoni.

Utaijuaje asilimia 70 kama hujui una mbwa wangapi? Daftari la chanjo la kila kata, lililo kwenye kompyuta na linalosomeka na kaunti jirani, Trans Nzoia kwa Bungoma, maana mbwa hajui mpaka. Hiyo ndiyo programu ninayoona inafaa kuandikwa, na kaunti ikiitaka nitatoa wikendi zangu. Mwenye safari, mwone daktari wa mifugo wiki hii. Usiyesafiri, mchanje wako pia. Mtoto wa jirani anapita hapo kila asubuhi akienda shule.