Mlio Usiosikiwa na Mwingine

Tinitasi ni mlio, mvumo au mluzi ambao mtu huusikia masikioni au kichwani ilhali nje hakuna kitu kinachoutoa. Kwa mmoja ni mlio mwembamba usiokatika, kwa mwingine ni mvumo mzito unaokuja na kuondoka. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa asilimia 14 hivi ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya milioni 740, wamewahi kupatwa nao, na kwamba zaidi ya milioni 120 unawasumbua vikali. Mwenye tinitasi hasikii maneno wala amri. Si wazimu, wala si majini, na hilo lafaa kusemwa waziwazi, maana wapo wanaonyamaza miaka mingi kwa kuogopa kuitwa hivyo.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Hizo ndizo hugeuza mitikisiko ya sauti kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo, na zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa ishara hizo huongeza unyetivu wake, mfano wa mtu anayepandisha sauti ya redio ili aipate stesheni iliyofifia, akaambulia mkwaruzo. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa waliokatwa mshipa wa fahamu wa kusikia waliendelea kuusikia mlio uleule.

Uzee na kelele ndivyo vinavyoongoza kwa kuziua seli hizo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Mwendesha mashine ya kusaga, mchomeleaji na kondakta wa matatu yenye spika chini ya viti huishi ndani ya kelele tangu asubuhi hadi jioni, mara nyingi bila hata vizibo vya masikio, kitu cha bei ndogo ambacho mwajiri yeyote angeweza kukinunua.

Dawa nazo zimo. Waliotibiwa malaria kwa kwinini wanakumbuka uchungu wake na jinsi masikio yalivyovuma siku zote za dozi. Mvumo ule kwa kawaida hutoweka dawa ikiisha. Sindano za streptomaisini, kanamaisini na gentamaisini ni hatari zaidi, kwa sababu zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu walipona mapafu wakabaki na masikio mabovu, hadi miongozo ya WHO ya mwaka 2019 ilipoiondoa kanamaisini katika matibabu yao ya muda mrefu. Wakati mwingine, hata hivyo, chanzo ni nta tu iliyoziba sikio, na ikitolewa mlio huisha.

Usiku ndio mgumu. Mchana pilikapilika za mtaa huufunika mlio, lakini taa zikizimwa hubaki wenyewe. Usingizi ukikatika, kesho yake mtu huamka na hasira za karibu, husoma mstari mmoja mara tatu, na huanza kukwepa harusi na vikao kwa kuwa maneno ya watu yanamchanganyikia. Mateso hayalingani na ukubwa wa sauti: ukipimwa, mlio mara nyingi huwa desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia mgonjwa. Ubongo ukiuchukulia kuwa ni hatari, huuangalia daima, na hofu huuzidisha.

Wagonjwa wengi huambiwa, "Hakuna dawa, utazoea," kisha hurudishwa nyumbani. Ni kweli kwamba haijapatikana dawa ya kuufuta mlio uliokwisha kudumu. Lakini kuzoea nako kunahitaji msaada, na msaada upo. Tiba ya kisaikolojia inayobadili fikra na mazoea ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa kupunguza mateso. Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, humfaa aliyepungukiwa usikivu, na feni au redio ya sauti ya chini huvunja ukimya wa usiku. Mafuta ya moto na vijiti vya kuchokolea huumiza sikio bure.

Mlio unaopiga sambamba na moyo, ulio upande mmoja tu, au unaoandamana na kizunguzungu, wahitaji uchunguzi wa daktari wa masikio, pua na koo. Mtu akipoteza usikivu wa sikio moja ghafla, hiyo ni dharura: dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo.