Rafadha na Bawa: Kiswahili Kinakwamia Wapi?

Hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya kisasa imezoeleka mno, hata baadhi ya wanaokisomea huirudia. Aghalabu mwenye hoja hiyo hutaja majina ya vifaa yasiyomo kamusini, akadhani amemaliza. Uhandisi wa ndege waonyesha kwamba tatizo analitafuta mahali lisipo.

Chukua ndege ya majaribio X-57 Maxwell, iliyotangazwa na NASA ya Marekani mwaka 2016. Msingi wake ulikuwa ndege ndogo ya Kiitaliano, Tecnam P2006T. Wahandisi walikusudia kuipa mota 14 za umeme: 12 ndogo kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, na 2 kubwa nchani. Majina hapa si taabu. Rafadha imo kamusini. Bawa, ncha na mkondo ni maneno ya kila siku. Kazi imo katika kueleza vitu hivi vinafanyiana nini.

Rafadha huivuta hewa na kuisukuma nyuma. Ikiwekwa mbele ya bawa, bawa hupitiwa na hewa yenye kasi kuliko mwendo wa ndege yenyewe. Kasi hiyo ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua huongezeka mara nne. Kwa hiyo bawa dogo laweza kuibeba ndege hata inapokwenda polepole, wakati wa kupaa na kutua. Bawa la Maxwell lilibuniwa kuwa na eneo lisilofika nusu ya lile la ndege ya asili. Ikishafika juu, rafadha 12 zingesimama na mapanga yake kukunjwa.

Lakini hewa hiyo huzungushwa pia. Upande mmoja wa rafadha hupanda, upande wa pili hushuka, hivyo bawa haliinuliwi sawasawa. Bawa nalo halikai kimya: hewa huanza kupinda kuelekea juu kabla ya kulifikia, na mapanga yakaelemewa bila usawa. Nchani, hewa ya chini ya bawa hukimbilia juu na kuzaa kisulisuli kinachoikokota ndege nyuma. Rafadha za ncha zilipangwa zizunguke kinyume cha kisulisuli hicho ili kukipunguza.

Maelezo haya yamebebwa na vitenzi. Kauli ya kutendana, ambayo mwanafunzi hufunzwa kwa mifano ya "pendana" na "pigana", hapa yafanya kazi ya kihandisi: rafadha na bawa huathiriana. Ni kweli, haisemi nani kamwathiri mwenzake zaidi. Wala istilahi ya Kiingereza haisemi.

La kusikitisha ni kwamba juhudi nyingi za istilahi huanza na kuishia katika orodha za nomino. Orodha haielezi jambo. Afadhali idara za Kiswahili zimtake mtahiniwa wa uzamili achukue ripoti moja ya kihandisi, aieleze mwanzo hadi mwisho kwa kidato cha nne, na istilahi zizaliwe pale maelezo yanapozidai. Ripoti zipo. Mradi wa Maxwell ulihitimishwa mwaka 2023 bila ndege hiyo kuruka hata mara moja, lakini NASA imechapisha mengi kuuhusu, na yeyote aweza kuyasoma.