Umefunga eksosi kitambaa? Joto halijaenda mahali, limehama tu

Leo naongea na nyinyi wenye pikipiki, na pia nyinyi mnaobebwa, kwa sababu hii stori inagusa miguu ya wote.

Umeziona hizo mashine. Zimepaki steji, zimeoshwa zikang'aa, na ile paipu inayotoka mbele ya injini imezungushiwa kitambaa kama mguu uliovunjika. Inakaa poa, sitakataa. Mimi mwenyewe nilifunga yangu mwaka jana, nikapiga picha, nikaposti, mkanipa sifa zangu. Leo nataka niwaambie kwa nini niliitoa, na kwa nini siwezi kumshauri mtu wa boda aifunge.

Nianze na mazuri yake, nisije nikaambiwa nina chuki.

Kile kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za kioo, yaani faibaglasi, au kwa nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe ya volkano. Ni kitu cha magari na pikipiki za mashindano. Kazi yake ni moja: kuzuia joto lisitoke kupitia ukuta wa paipu. Na hiyo kazi inafanya kweli. Ukipanda, goti na muundi wako havipikwi ukiwa kwa jam. Kama kuna waya au paipu ya mafuta imepita karibu na eksosi, inapata nafuu. Pia moshi ukibaki moto unakimbia haraka, hivyo injini inajitoa moshi vizuri zaidi. Kwa mashine ya mashindano iliyopimwa kila kitu, hiyo ni faida.

Lakini hebu tuwe wakweli. Wewe uko na sisi 150, silinda moja, umebeba abiria wawili na gunia la viazi. Hiyo nguvu unayoambiwa utapata hutaihisi. Ukitaka mashine ivute, osha ama badilisha kichujio cha hewa, rekebisha valvu, kaza cheni. Utaona tofauti ambayo kitambaa hakiwezi kukupa.

Sasa nikuje kwa yaliyonipata.

Mimi nilifunga kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtindo, sidanganyi. Ya pili, niliogopa kuchoma watu. Hapa Kenya ukiangalia miguu ya watu kwa matatu utaona ile alama, doa jeusi la mviringo kwa shavu la mguu. Hakuna haja ya kuuliza limetoka wapi. Ni eksosi ya boda. Nikasema yangu haitamfanyia mtu hivyo.

Jumapili moja nikampeleka mathe kanisani. Tulipofika akauliza, "Nishukie upande gani?" Mimi kwa kujiamini nikamjibu, "Popote tu mathe, usijali, hiyo nimefunga." Akashukia kulia. Shavu la mguu likagusa sailensa. Sijawahi kumsikia mama akilia kwa sauti hiyo.

Hapo ndipo nilielewa upuzi wangu. Kitambaa kilikuwa mbele, kwa ile shingo ya eksosi inayotoka kwa injini. Abiria hakai mbele. Abiria anakaa nyuma, juu ya sailensa, na sailensa ilikuwa wazi. Kumbe hata si hivyo tu. Joto ambalo lingepotelea hewani kwa ile shingo, mimi nimelifungia ndani, na likifungiwa linaenda wapi? Linafuata moshi, linarudi nyuma, linafika kwa sailensa. Yaani nilitoa joto kwa goti langu nikamsukumia abiria. Na mbaya zaidi, nilimwambia asiogope.

Nyumbani kila mtu akaja na dawa yake. Dawa ya meno, samli, yai. Tafadhali, msifanye hivyo. Ukichomeka, weka mguu chini ya maji baridi yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20. Halafu funika kwa kitambaa safi, na ngozi ikifanya malengelenge ama ikichubuka, nenda hospitali. Mathe alipona, lakini alama iko. Kila nikimwona na sketi naiona.

Hata baada ya hiyo sikuitoa. Ubishi, na nilikuwa nimetumia pesa. Ikaja mvua ya masika.

Kitambaa hakijui tofauti ya joto na maji. Kinashika vyote. Ukipita kwa matope, ukioshwa na mvua, ukipaki usiku nje, maji yanakaa yamekumbatia chuma. Asubuhi unawasha, yanachemka, jioni yanaingia mengine. Na paipu za pikipiki nyingi tunazoendesha si zile za chuma kisichoshika kutu. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ama kromu nyembamba. Chini ya kitambaa hicho chuma kinapata moto kuliko kilivyozoea, rangi inaungua, halafu kinapata maji. Hapo umeandikia kutu barua ya mwaliko.

Mwezi wa tano mashine ikaanza kupasuka pasuka nikiachilia mafuta, pa-pa-pa, kama fataki. Nikafikiri ni kabureta. Nikampelekea fundi, akacheka kwanza. Akakata klipu, akafungua kitambaa, na magamba ya kutu yakamwagika chini kama majani ya chai. Kwa kona ya chini kulikuwa na tundu ningeweza kuingiza kidole. Mafundi wanapenda kusema ovyo lakini huyu alisema jambo la maana: "Ungekuwa unaiona, ungeniletea ikiwa nyufa tu."

Hiyo ndiyo shida ambayo watu hawaisemi. Kitambaa kinaficha. Ufa mdogo unaochomelewa kwa dakika kumi unakua gizani mpaka unanunua paipu mpya. Na kama injini yako inavuja oili, kitambaa kinainyonya. Oili iliyolowa kwa kitu cha moto namna hiyo ni moshi ukibahatika, ni moto usipobahatika, na tangi la petroli liko juu yake tu.

Kwa mtu wa starehe, hiyo ni hasara ya wikendi moja. Kwa mtu wa boda aliyechukua pikipiki kwa mkopo, siku mbili bila mashine ni siku mbili za kulipia kitu ambacho hakijakuingizia chochote. Ndiyo maana nasema hivi vitu vya video za ng'ambo tuvipime na barabara zetu kwanza. Yule jamaa wa video anaendesha siku ya jua, halafu anaingiza mashine garaji. Wewe unaamka saa kumi na moja usiku kwenda kuchukua wateja kwa matope.

Je, kuna anayefaa kufunga? Yupo. Kama paipu yako ni ya chuma kisichoshika kutu, mashine haishindi mvuani, na paipu imepita kando ya mguu wako, funga. Lakini safisha chuma kwanza, ipake rangi ya kuhimili joto, tumia klipu za chuma na si waya wa kuokota. Vaa glavu na mikono mirefu, kwa sababu zile nyuzi zikiingia kwa ngozi utajikuna siku mbili. Itatoa moshi mara za kwanza, usishtuke, lakini usiiwashe ndani ya nyumba. Na kila baada ya muda, fungua uangalie. Kama hauko tayari kufungua, usifunge.

Kwa wengine wote, dawa ni ya bei rahisi na haina sifa mtandaoni. Ni kava ya bati. Nenda jua kali, mwambie fundi akukatie bati lenye matundu, alifunge juu ya sailensa kwa klipu mbili, na aache nafasi kati ya bati na eksosi. Hiyo nafasi ndiyo siri. Hewa inapita katikati, bati halipati moto kama paipu, maji yanakauka, na kutu unaiona mapema. Kama pikipiki ilikuja na kava yake na ukaitoa ili ionekane ya kisport, irudishe leo.

Na abiria, hii ni yenu. Eksosi ya nyingi za hizi pikipiki iko kulia. Panda kushoto, shuka kushoto. Hata rider akikuambia usijali.

Mimi nilisema usijali, na mathe ndiye aliyelipa. Yangu sasa iko na kava ya bati, imekunjika kidogo, haina picha nzuri. Juzi mathe alipanda tena. Kabla ya kushuka aliinama akaigusa kwa ncha ya kidole, akaniangalia, akashukia kushoto hata hivyo.